Kompyuta ya Kikundi Imejaa: Pepeteni Makapi, Msitupe Mahindi

Husemekana kwamba jina la Nakuru lilitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali penye vumbi. Sisi tunaoishi hapa hatuhitaji kuambiwa mara mbili. Wakati wa kiangazi unapangusa meza asubuhi, na ikifika saa kumi jioni vumbi lishatanda tena.

Lakini kuna vumbi lingine lisiloonekana kwa macho. Hili hujikusanya ndani ya kompyuta kila mtu anapofungua intaneti. Katika toleo hili tutaeleza vumbi hilo ni nini, namna ya kulitoa, na namna ya kulitoa bila kutupa hesabu za kikundi pamoja nalo.

Shida huanza hivi

Vikundi vingi siku hizi vina kompyuta. Mara nyingi ni ya zamani. Pengine ilitolewa na mfadhili, ama ilinunuliwa mtumba mjini, ama mtoto wa mwanachama aliiacha nyumbani alipopata kazi. Inakaa kwa mweka hazina. Humo ndimo daftari la hisa na mikopo linamoandikwa. Wanachama wanaitumia kujaza ritani za kodi kabla ya tarehe 30 Juni, na vijana wanafungua eCitizen kuomba cheti cha tabia njema.

Halafu siku moja inaanza kukokota. Unabonyeza, unangoja, unapika chai, unarudi, bado. Daftari linakataa kuhifadhiwa kwa sababu ati nafasi imekwisha. Mnamwita fundi, naye anasema, "Hii inataka kufomatiwa." Mnakubali kwa sababu hamjui neno hilo maana yake nini.

Kufomati ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Ni kama kuchoma ghala kwa sababu lina makapi. Kama hakuna nakala pahali pengine, hisa za miaka mitatu zimekwenda, na hapo ndipo wanachama huanza kutazamana vibaya. Nani alilipa? Nani bado ana deni? Kikundi kinaweza kuvunjika kwa jambo ambalo lingetengenezwa kwa nusu saa.

Faili za muda ni nini?

Kivinjari ni ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti, kama vile Chrome, Firefox au Edge. Ukifungua ukurasa, kivinjari huweka nakala ya picha na maandishi yake ndani ya kompyuta yenu. Ukirudi kesho, hakichoti kila kitu upya kutoka mbali. Hutumia ile nakala ya jana. Nakala hizo ndizo faili za muda.

Zilibuniwa kwa nia njema. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, sisi Kenya tulitegemea setilaiti, na ukurasa mmoja ulichukua muda mrefu kufunguka. Hata leo nakala hizo zinawaokolea bando. Kwa hiyo si uchafu mtupu, na hakuna haja ya kuzifuta kila siku. Mkizifuta, kurasa zitafunguka polepole mara ya kwanza na bando litaliwa zaidi.

Kuna pia vitu vidogo viitwavyo kuki. Hivi hukumbuka kwamba wewe ndiye uliyeingia kwenye ukurasa fulani. Ukivifuta, itabidi uingie tena kwa nenosiri lako. Basi kama hukumbuki nenosiri, usivifute kwa haraka.

Kwa nini huzidi katika kompyuta ya zamani?

Kivinjari kina kipimo chake cha nakala, lakini hebu hesabuni. Ikiwa watu watano wanatumia kompyuta moja, kila mmoja na akaunti yake, na kila mmoja ana vivinjari viwili, hayo ni maghala kumi. Ongezeni folda iitwayo Temp, ambamo programu nyingi hutupa vipande vya kazi na kusahau kuviondoa. Haba na haba hujaza kibaba, na diski ya gigabaiti 80 si kibaba kikubwa.

Windows huhitaji nafasi tupu ili ifanye kazi. Kumbukumbu ya kompyuta ikiwa ndogo, hutumia sehemu ya diski kama meza ya ziada. Diski ikijaa, meza haina pa kuwekwa, na kila kitu hukwama. Jaribuni kuacha angalau sehemu moja ya kumi ya diski iwe wazi.

Tena kuna tatizo la nakala iliyopitwa na wakati. Ukurasa umebadilishwa huko ulikotoka, lakini kivinjari chenu kinashikilia ule wa zamani. Fomu haijai, kitufe hakiitiki. Kabla ya kufuta chochote, bonyezeni Ctrl pamoja na F5. Hiyo ni kuambia kivinjari, "Niletee mpya." Mara nyingi inatosha.

Kabla ya kugusa kitu

Mkulima hapepeti mahindi kabla ya kutandika turubai. Fanyeni hivi kwanza:

1. Nakilini daftari la hisa, kumbukumbu za mikutano na barua za kikundi kwenye flashi. Ifungueni flashi hiyo katika kompyuta nyingine muone kama zinasomeka. Nakala ambayo haijajaribiwa msiihesabu.

2. Kila mwanachama aandike nenosiri lake katika daftari lake mwenyewe na kulificha nyumbani. Asiliandike katika daftari la kikundi.

3. Angalieni diski ina nafasi kiasi gani, muandike. Mkimaliza mtalinganisha.

Namna ya kusafisha

Fungua kivinjari. Shikilia Ctrl na Shift, kisha bonyeza Delete. Njia hii hufanya kazi katika Chrome, Firefox na Edge. Dirisha litafunguka lenye visanduku vya kuweka tiki.

Katika Chrome na Edge, weka tiki kwenye maneno "Cached images and files" peke yake. Hayo ndiyo makapi. Toa tiki kwenye manenosiri. Toa kwenye kuki pia, isipokuwa una sababu ya kuzifuta. Pale panapouliza muda, chagua wakati wote, yaani "All time", la sivyo utafuta ya saa moja tu na kushangaa mbona hakuna tofauti. Kisha kubali, ungoje. Katika kompyuta ya zamani kazi hii inaweza kuchukua dakika kadhaa. Usiizime katikati.

Sasa nenda kwenye Windows yenyewe. Shikilia kitufe chenye alama ya dirisha na ubonyeze R. Andika cleanmgr, kisha Enter. Chagua diski C. Utaonyeshwa orodha ya vinavyoweza kufutwa. Weka tiki kwenye "Temporary Internet Files" na "Temporary files".

Hapa tulieni kidogo. Katika matoleo fulani ya Windows 10, kuanzia mwaka 2018, orodha hiyo ilionyesha pia folda ya Downloads. Hiyo si makapi! Ni mahali vinapoangukia vitu mlivyopakua wenyewe, kama risiti za kodi, fomu na barua. Msiweke tiki hapo kabla ya kuipekua.

Zile zinazokataa kutoka

Baada ya hayo yote, kuna faili zingine kaidi. Unazifuta, kompyuta inakuambia zinatumika. Sababu kubwa ni moja: kuna programu iliyozishika. Huwezi kufagia chini ya mkeka mtu akiwa amekaa juu yake. Mwinue kwanza.

Funga kivinjari chote, si dirisha moja tu. Kisha zima kompyuta na uiwashe tena kwa kuchagua "Restart". Ikiwaka, kabla ya kufungua kitu chochote, shikilia tena kitufe cha dirisha na R, andika %temp%, bonyeza Enter. Folda itafunguka. Bonyeza Ctrl na A kuchagua zote, kisha Delete. Zingine bado zitakataa. Ukiulizwa, chagua "Skip", yaani ruka. Usishindane nazo. Hizo zinatumika na Windows saa hiyo hiyo, na kwa kawaida ni chache na ndogo.

Kumbuka kwamba amri hii husafisha akaunti yako peke yako. Makapi ya mwanachama mwingine yako katika akaunti yake. Kila mmoja aingie kwake na afagie chumba chake.

Kama folda kubwa bado imegoma, washeni kompyuta katika hali ya usalama, ambamo Windows huamka na vitu vichache tu. Katika Windows 7, bonyeza F8 mara kwa mara kompyuta inapowaka. Katika Windows 10, shikilia Shift huku ukibofya "Restart", halafu ufuate maelezo. Mkiona hapo mnatetemeka, iteni kijana anayejua. Hakuna aibu.

Wenye umri watakumbuka Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Humo kulikuwa na faili iitwayo index.dat, iliyoorodhesha kurasa zote ulizotembelea. Watu waliihangaikia kweli, kwa sababu Windows yenyewe iliishika tangu ulipoingia hadi ulipotoka. Sababu ni ile ile: mtu amekaa juu ya mkeka.

Mambo ya kujihadhari

Msipakue ovyo programu za bure zinazoahidi kusafisha kompyuta. Zingine ndizo ugonjwa wenyewe. Hata programu mashuhuri ya CCleaner ilipenyezwa na wadukuzi mwaka 2017, na toleo lake la 5.33 likasambazwa likiwa na virusi ndani. Vifaa vilivyomo katika Windows vinatosha.

Msisahau kwamba kompyuta ya kikundi ni ya watu wengi. Kufuta faili za muda hakuondoi nakala za vitambulisho na namba za PIN zilizobaki katika Downloads. Tangu mwaka 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data, nayo yatukumbusha kwamba habari za mtu si za kuachwa zikizagaa. Hamisheni zinazohitajika kwenye flashi inayofungiwa, futeni zilizobaki, kisha mwage pia debe la taka la kompyuta.

Na mkitumia saiba mjini, fungueni dirisha la siri: Ctrl, Shift na N katika Chrome na Edge. Mkilifunga, kivinjari hakiweki orodha ya kurasa wala kuki zenu. Ila faili mliyoipakua hubaki. Ifuteni kabla ya kuondoka.

Ikiwa bado inakokota

Tuseme ukweli. Kusafisha hakuondoi uzee. Windows 7 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Internet Explorer ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022. Chrome mpya zimekataa Windows 7 tangu Februari 2023. Ukurasa ukigoma kwa sababu hiyo, mkifuta faili za muda mara kumi mtachoka bure. Kazi ya kodi na ya pesa ifanyieni kwenye mashine inayopata marekebisho, na ile ya zamani ibaki ya kuandika barua na hesabu.

Na kama diski inalia kri-kri, hiyo inakaribia kufa. Acheni kusafisha. Okoeni hesabu kwanza, siku hiyo hiyo. Kisha fungueni ubavu wa mashine, stima ikiwa imezimwa na waya umetolewa, mpulize lile vumbi la kwanza, la Nakuru, kwa uangalifu.

Fundi si adui yetu. Lakini akisema "kufomati", mweka hazina amuulize: "Daftari letu liko wapi kabla hujaanza?" Akionyeshwa nakala inayofunguka, kazi iendelee. Asipoonyeshwa, ingoje.

Ya kuzungumza katika mkutano wenu ujao

1. Daftari la kikundi lina nakala ngapi, na ziko kwa nani? Kama ni moja, ya pili itafanywa lini?

2. Ni wanachama wawili gani watakaosafisha kompyuta kila baada ya miezi mitatu? Chagueni wawili, ili mmoja akisafiri kazi isilale.

3. Nani mwingine, mbali na mweka hazina, anajua kufungua daftari hilo?

Mkishajibu hayo matatu, andikeni majibu katika kumbukumbu za mkutano. Na hizo kumbukumbu nazo, nakala mbili.