Somo la Leo: Mbio Ndefu Zataka Akiba

Leo tunasoma habari za marathoni, mbio za kilometa 42 na meta 195.

Ugali na wali huupa mwili akiba ya nguvu. Mkimbiaji mwenye pupa huimaliza mapema. Afikapo karibu na kilometa 30, miguu huwa mizito kama magogo. Basi sikilizeni.

Kwanza, jizoezeni kwa miezi minne au zaidi, mkiongeza mwendo kidogo kidogo kila juma.

Pili, siku ya mbio msivae viatu vipya. Vitawachubua.

Tatu, anzeni polepole. Mkiweza kuzungumza huku mnakimbia, mwendo unafaa.

Nne, msikiapo kiu kunyweni maji, lakini msipite kiasi.

Tano, mtu akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, asimame, aitiwe daktari.

Mwaka 1968, katika Michezo ya Olimpiki mjini Mexico City, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka, akaumia goti. Alifungwa bendeji, akaendelea, akamaliza wa mwisho, giza limekwisha ingia. Wengine waliacha njiani.

Sasa andikeni jibu katika madaftari yenu: kwa nini mkimbiaji huanza polepole?

Kwaherini.