Fimbo, mshipi na nzi wa bandia: usinunue kabla ya kumjua samaki

UKIPITA kando ya mto Isiukhu siku ya Jumamosi, hutakosa kuwaona vijana wawili watatu wameketi ukingoni, kila mmoja na mwanzi wake, uzi wa nailoni umezama majini na kopo la nyungunyungu liko kando. Huo ndio uvuvi tuujuao hapa Kakamega. Lakini siku hizi, msomaji, utakutana pia na mtu aliyetazama picha za watu wakirusha mishipi mirefu hewani kama mjeledi, naye akaingiwa na hamu. Swali lake la kwanza huwa, “Ninunue fimbo gani?”

Hilo lingefaa kuwa swali la pili. La kwanza ni hili: unataka kumvua samaki yupi, na katika maji gani? Asiyejiuliza hivyo hutumia pesa ambazo zingelipa karo, kisha fimbo ikakaa nyuma ya mlango ikiota vumbi huku mama watoto akiitazama kila siku bila kusema neno.

Uvuvi huu, ambao chambo chake si mnyoo bali ni nzi wa bandia aliyefungwa kwa manyoya na nyuzi juu ya ndoana, uliingia Kenya pamoja na samaki wake. Mwaka wa 1905, Mwingereza Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Scotland, yakapelekwa mto Gura katika milima ya Aberdare. Mnamo 1948 kituo cha kuzalisha samaki hao kikaanzishwa Kiganjo, karibu na Nyeri. Trauti hupenda maji baridi yaendayo kasi. Kakamega iko chini mno na maji yake ni ya vuguvugu, kwa hivyo anayemtaka trauti sharti apande gari, labda hadi mto Kiptiget upande wa Kericho, au avuke mpaka Aberdare na Mlima Kenya.

Usife moyo. Katika mito yetu kuna fwani, samaki mwenye nguvu na magamba makubwa, ambaye hula wadudu na hata samaki wadogo. Katika mabwawa kuna ngege. Utakumbuka kwamba mwaka wa 2009 serikali ilianzisha mpango wa kufufua uchumi ambapo mabwawa ya samaki yalichimbwa katika maeneo bunge mengi, na eneo letu halikuachwa nyuma. Ngege hula vijidudu vidogo, na nzi wa bandia akishushwa polepole mbele yake hudanganyika. Kambare, ambaye wengi humwita mumi, ni habari nyingine. Huyo huwinda usiku, kwa kunusa na kupapasa kwa sharubu. Mwachie nyungunyungu.

Na kwani ni nani anayehitaji kufundishwa habari za nzi na samaki katika nchi ya kumbikumbi? Wanaporuka baada ya mvua, sisi tunakimbia na masufuria, lakini wengine huanguka mtoni na samaki huwapokea juu ya maji kwa fujo. Mvuvi wa nzi anachofanya ni kuiga hayo tu.

Kwa sababu hiyo, ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba asinunue fimbo kwanza. Chukua mwanzi mwepesi wa futi 12 hivi, funga nchani uzi wenye urefu sawa na huo, kisha mwishoni funga nzi mmoja mdogo mweusi au wa hudhurungi. Wajapani wamevua hivyo kwa miaka mingi katika vijito vya milimani, bila gurudumu la kukunjia mshipi, na uvuvi huo wanauita tenkara. Jaribu miezi miwili. Ikiwa bado utakuwa na hamu baada ya kurudi nyumbani mikono mitupu mara tano, hapo unaweza kufungua mkoba.

Ukiufungua, anza na mshipi. Watu wengi hukosea hapa kwa kuwa macho huvutwa na fimbo inayong'aa. Katika uvuvi wa kawaida, chubwi ndiyo inayouvuta uzi mbali ukirusha. Nzi wa bandia hana uzito wowote. Uzito umo ndani ya mshipi wenyewe, ambao ni mnene na umepakwa plastiki, na huo ndio unaombeba nzi. Mishipi hupewa namba kulingana na uzito: futi 30 za kwanza za mshipi namba 5 zina uzito wa gramu 9 hivi. Fimbo nayo huandikwa namba karibu na mpini. Namba hizo mbili sharti zifanane. Mshipi namba 8 katika fimbo namba 5 utakuchosha bega tu, hata uwe hodari vipi.

Kwa fwani, ngege na trauti, namba 5 itakutosha, na 6 kwa anayenuia hasa fwani wakubwa. Kwenye pakiti ya mshipi utaona maandishi kama WF5F. Usiogope. WF maana yake uzito umewekwa zaidi upande wa mbele, 5 ni namba, na F ya mwisho ni kwamba mshipi unaelea. Unaozama waachie wazoefu.

Fimbo iwe ya futi 9, ya kaboni, yenye kukunjuka vipande vinne ili iingie kwenye matatu bila kumchoma abiria mwenzako. Mpini uwe wa koki. Ikiwa una ndugu Marekani au Uingereza anayekuuliza akuletee nini, usimwambie tu “fimbo ya samaki”, kwani atakuletea ya kuvulia papa. Mwandikie hivi: futi 9, namba 5, vipande vinne.

Gurudumu halina haja ya kuwa la bei. Kwa samaki wa kadiri yetu, kazi yake kubwa ni kuhifadhi mshipi. Okoa pesa hapo uziongeze kwenye mshipi. Kati ya mshipi na nzi hufungwa uzi mwembamba usioonekana, wa futi 9 pia, unaozidi kuwa mwembamba kuelekea mwisho. Nunua ulioandikwa 4X. Kadiri namba hiyo inavyopanda ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba zaidi.

Nzi wenyewe ni fahari yetu. Wengi wanaouzwa katika maduka ya Uingereza wamefungwa hapa Kenya, kwa mikono ya Wakenya, ingawa wafungaji wengi hawajawahi kuwarusha mtoni. Nunua sita tu, wadogo, wa rangi za udongo. Ubane ule mwiba wa ndoana kwa koleo kabla ya kurusha, maana siku moja itanasa sikio lako na utataka itoke upesi. Miwani na kofia si madoido.

Jizoeze kwanza nyasini, penye uwanja wa shule, ukifunga kipande cha sufi badala ya nzi. Majirani wakikuona unachapa hewa watadhani unajitayarisha kuswaga fahali wa Malinya. Wapuuze.

Jambo moja lisipuuzwe. Kaboni hupitisha umeme, na Kakamega ni nchi ya radi. Mawingu yakikusanyika alasiri kama kawaida yake, laza fimbo chini na uondoke mtoni mara moja. Usiisubiri ngurumo ya pili. Kadhalika, usirushe mshipi chini ya nyaya za stima. Mvua ikishanyesha, maji ya Isiukhu hugeuka tope na samaki hamwoni nzi wako hata kidogo. Miezi mizuri ni ile ya kiangazi, Desemba hadi Februari.

Ulizia kibali katika ofisi ya uvuvi, na usiingie msituni na fimbo kabla ya kuzungumza na walinzi. Mwenye bwawa naye aombwe mapema, na ukubaliane naye bei ya kila ngege utakayempeleka nyumbani, kwani chakula cha samaki hao amekinunua.