Kabla ya Kununua Kichujio: Maji ya Kunywa katika Nyumba za Pemba

Uamuzi wa kuweka kichujio cha maji nyumbani huchukuliwa na wengi kuwa ni suala la uwezo wa fedha, kana kwamba mwenye nacho hununua na asiye nacho huendelea kuchemsha. Kwa kisiwa kama Pemba, ambako tabia ya maji hubadilika baada ya mwendo wa kilomita chache tu, suala la mwanzo ni kujua maji yenyewe yana kasoro gani. Kila kichujio kimetengenezwa kuondoa kasoro fulani na kuziacha nyengine, na kile kinachofaa mjini Wete huenda kisimsaidie kitu mkaazi wa Maziwang'ombe.

Sehemu kubwa ya maji ya kunywa kisiwani hutoka chini ya ardhi, ama katika visima virefu vya pampu vinavyosimamiwa na Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA) chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2006, ama katika visima vifupi vya mkono na chemchem ambazo wanavijiji wamezitumia kwa vizazi vingi. Upande wa magharibi, iliko miji ya Wete, Chake Chake na Mkoani, ardhi ni ya vilima na udongo wenye kina, nao huyachuja maji ya mvua taratibu yanapozama. Upande wa mashariki, hasa Wilaya ya Micheweni, yametanda maweni, yaani mwamba wa matumbawe ya kale uliojaa nyufa na matundu, ambamo maji huteremka haraka bila kuchujwa vya kutosha. Hiyo ndiyo kasoro ya kwanza: uchafu wa choo cha shimo kilichochimbwa jirani huweza kukifikia kisima kwa njia hiyo hiyo.

Kasoro ya pili ya maeneo ya pwani ni chumvi. Chini ya ardhi ya kisiwa, maji baridi yanayotokana na mvua hukaa juu ya maji ya bahari kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi, kwa sababu ni mepesi zaidi. Kwa hesabu ya wataalamu, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huambatana na takriban mita 40 za maji hayo chini ya usawa huo, na maana yake ni kwamba pampu inayoshusha maji ya kisima kwa kiasi kidogo tu huweza kuyavuta maji ya chumvi kwa masafa makubwa kutoka chini. Mwenye kisima kilichoingiwa na chumvi akinunua kichujio cha udongo au cha mkaa hatapata nafuu yoyote, kwa kuwa chumvi iliyoyeyuka hupita humo bila kizuizi, na kuchemsha kutaizidisha ukali kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke.

Kifaa kinachoweza kuondoa chumvi ni kile kinachoyasukuma maji kwa shinikizo kupitia utando wenye vitundu vidogo mno. Kifaa hicho huhitaji maji yenye nguvu, mara nyingi umeme, utando mpya kila baada ya muda, na humwaga sehemu kubwa ya maji yanayoingia pamoja na chumvi iliyotengwa. Katika nyumba ambayo kila dumu hubebwa kichwani, hasara hiyo haivumiliki. Njia iliyo karibu zaidi kwa mtu wa Micheweni ni paa lake mwenyewe. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji, kwa hiyo paa la mabati lenye mita 50 za mraba, likipata mvua ya milimita 20, hupokea lita 1,000 kabla ya kutoa kinachopotea. Pemba ina masika na vuli, na mvua yake ya mwaka si haba. Maji ya mwanzo yanayoosha vumbi na vinyesi vya ndege huachwa yamwagike, na yanayofuata huingizwa katika tangi lenye mfuniko na wavu, kisha sehemu ya kunywa hutiwa dawa au huchemshwa.

Kasoro ya tatu, nayo ndiyo inayoua, ni vijidudu vya maradhi. Kinachopotosha uamuzi hapa ni mazoea ya kuyahukumu maji kwa ulimi na kwa jicho: maji matamu na maangavu huhesabiwa kuwa salama, na yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika huogopwa, ilhali ukoko huo ni chokaa iliyotoka katika mwamba na haina madhara ya maana kwa mnywaji. Zanzibar imepata milipuko ya kipindupindu mara nyingi tangu ule wa mwaka 1978, na bakteria wake hana ladha, harufu wala rangi. Ndiyo maana wataalamu hupima kuwepo kwa bakteria aitwaye E. coli, ambaye huishi katika matumbo ya binadamu na wanyama, kwani akionekana majini ni ushahidi kwamba kinyesi kimeingia. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hatakiwi kuonekana hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa.

Kwa nyumba zinazopata maji ya mfereji, kinga ya kawaida ni klorini, dawa inayotiwa majini ili kuua vijidudu na kubakia kiasi kidogo cha kuyalinda njiani. Shirika hilo hilo linashauri kiasi hicho kisipungue miligramu 0.2 kwa lita maji yanapomfikia mtumiaji. Tatizo ni kwamba maji ya mfereji hayatoki saa zote. Yanapokatika, mabomba hubaki bila shinikizo na uchafu wa nje huweza kuvutwa ndani kupitia palipopasuka. Nyumbani nako maji hulazimika kuwekwa akiba katika matangi, madumu na ndoo, ambamo nguvu ya klorini huisha. Hapo huanza safari fupi ambayo wanunuzi wengi wa vichujio huisahau: kata iliyowekwa sakafuni hutumbukizwa ndooni, vidole vya mtoto aliyetoka kucheza huzama pamoja nayo, na maji yaliyotoka salama katika kisima cha mita nyingi huharibika hatua mbili kutoka kitandani. Utafiti wa nchi nyingi umeonesha kwamba uchafuzi wa namna hii baada ya kuteka ni jambo la kawaida. Kwa nyumba kama hizo, fedha ya mwanzo yafaa iende kwenye chombo chenye mfuniko na bomba la chini, ambacho mkono hauingii ndani yake, pamoja na dawa ya klorini ya kutia nyumbani. Bei yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kichujio, na bila chombo hicho hata maji yaliyochujwa vizuri yataharibika tena.

Anayestahili hasa kufikiria kichujio ni yule anayetegemea kisima kifupi, chemchem au maji ya masika yanayogeuka rangi, kwa sababu klorini hudhoofika katika maji ya tope na kuchemsha kila siku hula kuni na mkaa mwingi. Kwake kichujio cha udongo wa kuchoma kinafaa. Udongo wa mfinyanzi huchanganywa na unga wa mbao, nao huungua tanuruni na kuacha vitundu vinavyopitisha maji na kuzuia bakteria; vyungu vingi hupakwa madini ya fedha ili kuwadhoofisha zaidi. Chungu hutoa lita 1 hadi 3 kwa saa, kwa hiyo nyumba ya watu 7 inayokunywa lita 15 kwa siku italazimika kukijaza mara kadhaa, ikiwemo kabla ya kulala. Virusi ni vidogo kuliko vitundu hivyo na baadhi yao hupita, hivyo tone la klorini baada ya kuchuja si kazi ya bure. Vichujio vya mkaa peke yake, ambavyo huuzwa kwa kusifiwa kuboresha ladha, havikusudiwi kuua vijidudu, tena huondoa ile klorini iliyokuwa ikiyalinda maji. Na taa za mionzi ya urujuanimno hufanya kazi kwenye maji maangavu tu, umeme ukiwepo.

Ipo hatari moja ambayo hakuna kichujio cha kunywea kitakachoizuia, nayo ni kichocho, ambacho kimeisumbua Pemba kwa miaka mingi: mdudu wake hupenya ngozini mtu anapofua, anapooga au anapocheza katika kijito na bwawa, na mzazi aliyeweka kichujio jikoni asidhani amemkinga mtoto wake na maradhi hayo.

Aliyekwisha kuamua kununua aangalie pia matunzo. Chungu husuguliwa kwa brashi laini na maji safi bila sabuni kila kinapopunguza kasi, ndoo ya chini huoshwa kwa maji yaliyokwisha kusafishwa, na chungu kilichoanguka hutupwa hata kama ufa wake hauonekani, kwani ufa mwembamba wa unywele hupitisha vijidudu maelfu kwa maelfu. Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe maji yake yapimwe, kisha amuulize muuzaji chungu cha akiba, utando au bomba la kubadilishia linauzwa wapi na kwa bei gani. Kifaa ambacho vipuri vyake havipatikani Chake Chake wala Wete, na kinachomlazimisha mwenyewe kuagiza Dar es Salaam kila kinapoharibika, ni bora kisinunuliwe.