Ghala la Nyasi Kugeuzwa Nyumba ya Wageni

Ghala ni chombo cha kazi. Kazi inapoondoka, ghala hubaki na kuta zake na paa lake, na mwenyewe huendelea kugharimia matengenezo bila kupata kitu. Makatibu wa vyama wanalifahamu jambo hili. Yafaa basi kulitazama katika nchi ya mbali ambako dawa moja imekwisha kutumiwa kwa miaka mingi, na faida yake na hasara yake zimeonekana wazi. Nchi hiyo ni Uingereza, na mahali penyewe ni mabonde ya Yorkshire, upande wa kaskazini, hasa bonde la Swaledale.

Katika mabonde hayo mkulima hakutegemea ghala moja kubwa nyumbani. Alijenga maghala madogo ya mawe, moja katika konde hili na jingine katika konde lile. Majira ya joto nyasi zilifyekwa, zikakaushwa juani, zikapandishwa darini. Majira ya baridi ng'ombe wachache walifungwa chini ya dari, wakalishwa nyasi zile zile, na samadi yao ikarudishwa katika konde lile lile. Hivyo mizigo mizito haikuchukuliwa njia ndefu. Aliyetembea ni mkulima mwenyewe, asubuhi na jioni, kutoka ghala hadi ghala katika theluji. Ulikuwa mpango wenye akili sana.

Trekta ndiyo iliyouvunja. Nyasi zikaanza kuvundikwa mbichi kuwa saileji, ng'ombe wakakusanywa katika banda moja la kisasa, na mlango wa ghala la zamani ukawa mwembamba mno kwa mashine. Maghala mengi yakabaki matupu. Kwa kuwa mapato ya kondoo wa milimani ni madogo, wakulima wakatafuta mpangaji wa namna nyingine, yaani mtu wa mjini aliye likizoni, ambaye hulipa kwa juma.

Kugeuza ghala si kuweka vitanda tu. Yahitajika maji, umeme, shimo la maji machafu na njia ya gari. Kuta za mawe zilijengwa bila kinga ya unyevu chini, na udongo au chokaa iliyoshika mawe huuruhusu unyevu utoke polepole. Fundi akizipiga lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani na ukuta huanza kuoza. Jambo ambalo waashi wa Lamu na Unguja, waliozoea chokaa, hawangeshangaa kulisikia. Tena popo wanalindwa na sheria ya mwaka 1981, kwa hiyo panaposhukiwa kuwa na popo hapana budi mtaalamu achunguze kabla paa halijaguswa. Hata bundi wa maghalani, ambaye kwetu wengi humkimbia, huko ni kosa kumsumbua akiwa katika kiota. Na kwa kuwa mabonde hayo ni hifadhi ya taifa tangu 1954, mamlaka ya hifadhi hupinga utoboaji wa madirisha mapya. Chumba mara nyingi huridhika na matundu yaliyokuwapo.

Sasa hesabu. Kosa la kawaida katika shughuli ya namna hii ni kuandika kodi ya majuma ya kiangazi na kusahau majuma matupu ya baridi, ambayo nayo yana gharama ya moto, bima na riba ya mkopo. Kosa la pili ni kubwa zaidi: kazi ya kufua mashuka na kusafisha nyumba kati ya mgeni anayetoka na anayeingia hufanywa mara nyingi na mke wa mkulima, wala haionekani katika daftari lolote. Faida iliyoandikwa bila ujira wake si faida.

Pia yadhaniwa kwamba wageni ni kinga mifugo ikipata msiba. Mwaka 2001 ugonjwa wa midomo na miguu uliingia Uingereza, na wanyama zaidi ya milioni 6 wakachinjwa. Njia za mashambani zikafungwa ili ugonjwa usienezwe, na wageni wakakatazwa kuja wakati ule ule ng'ombe walipokwisha. Mapato mawili yalianguka kwa pigo moja. Nafuu za pekee za kodi ya serikali walizopewa wenye nyumba za likizo nazo zilifutwa Aprili 2025. Waliopanga mkopo wao kwa kuzitegemea wamelazimika kupiga hesabu upya.

Lipo na suala la kijiji. Nyumba ya likizo haipeleki mtoto shuleni, na vijana wa bondeni wanashindana na fedha za mjini kupata makao. Katika mpango wake wa miaka 2015 hadi 2030 mamlaka ya hifadhi ilikubali maghala ya kando ya barabara yageuzwe, ama kuwa nyumba za wenyeji wa pale, ama za wageni wa muda mfupi. Uchaguzi uliachwa kwa mwenye ghala. Lakini nyumba iliyofungwa kwa sharti la kukaliwa na wenyeji peke yao huuzwa kwa bei ndogo kuliko isiyo na sharti hilo, na benki huikopeshea kwa tahadhari. Kwa hiyo mkulima mwenye deni la ujenzi ana sababu ya kumpendelea mgeni.