Je, Wajua? Ndege Anayepanga Azae Jike au Dume

Je, wajua kwamba yuko ndege mwimbaji ambaye mwaka 1968 dunia nzima ilibakiwa naye 26 hivi tu, wote katika kisiwa kimoja kisichofika hekta 30? Kisiwa hicho ni Cousin, huko Shelisheli. Wataalamu humwita Acrocephalus sechellensis. Ana uzito wa gramu 15 hivi na manyoya ya kahawia iliyofifia. Sauti ndiyo inayomtambulisha.

Kilichomponza ni mbata. Msitu wa asili ulifyekwa ipandwe minazi, naye chakula chake ni wadudu anaowadonoa upande wa chini wa majani. Mwaka huohuo wa 1968 kisiwa kilinunuliwa kwa ajili ya hifadhi, minazi ikapunguzwa, msitu ukarudi. Miaka ya 1980 walikwishapita 300, na hakuna hata mmoja aliyezalishwa kizimbani.

La ajabu zaidi liko kiotoni. Kwa kawaida jike hutaga yai moja tu. Mabinti wengi hawaondoki mapema. Hubaki kwa wazazi na kusaidia kulisha wadogo zao. Penye wadudu tele, msaidizi ni neema. Penye uhaba, huyo ni mdomo mwingine wa kulishwa. Mwaka 1997 Jan Komdeur na wenzake walieleza katika jarida la Nature kwamba mama anayeishi penye neema huzaa zaidi majike, na wa penye dhiki huzaa zaidi madume, ambao huenda zao. Waliohamishwa kutoka eneo duni hadi eneo zuri waligeuka, wakaanza kuzaa majike. Na mama akishapata wasaidizi wawili, hurudia madume! Sijui ndege mwingine anayenistaajabisha kiasi hiki.

Mabawa anayo, lakini kuvuka bahari ni nadra mno, ingawa kisiwa jirani cha Cousine kiko umbali wa kilomita 1.6 tu. Ikabidi abebwe na watu: 29 walipelekwa Aride mwaka 1988, 29 wengine Cousine mwaka 1990, kisha zamu ya Denis mwaka 2004 na Frégate mwaka 2011.

Adui anayeogopwa sasa ni panya, mla mayai na makinda. Ndiyo maana mgeni wa Cousin hafiki ufukweni kwa chombo alichokuja nacho: huhamishiwa baharini kwenye mashua ya walinzi wa kisiwa.