Uendapo Msituni, Shika Nini Mkononi?

Piana-Mwanga, katika Jimbo la Tanganyika, sauti ya maji haiko mbali. Mto Luvua, utokao katika Ziwa Mweru na kwenda kuungana na mto Lualaba huko Ankoro, hupita hapa kwa nguvu nyingi. Kwa sababu ya nguvu hiyo Wabelgiji walijenga mtambo wa umeme, ili kuyapatia umeme machimbo ya bati ya Manono. Lakini hata penye nguzo za umeme pori li karibu. Kabla jua halijapanda watu hutoka majumbani: huyu aenda kukata miti ya kujengea, yule atafuta asali, akina mama waenda kuokota kuni na uyoga, watoto wafuata viwavi vya kula. Kila mmoja ana kitu mkononi.

Ni kitu gani? Hilo ndilo ulizo letu leo. Labda msomaji atasema ni ulizo dogo. Sivyo. Wako waliokosa kurudi nyumbani kwa kuwa walichukua kisichofaa, na wako waliorudi na damu ya mwenzao mikononi kwa kuwa walichukua kisichotakiwa. Basi natuvitazame vyombo hivi kimoja kimoja.

Panga na ala yake

Panga ni chombo cha kwanza. Lafyeka njia, lakata kamba, lachonga fimbo, lafukua mizizi. Unapolinunua sokoni usivutwe na mng'ao wala urefu. Likunje kidogo kwa mikono miwili, kisha uliachie: likirudi na kunyoka, chuma chake ni kizuri, likibaki limepinda, mrudishie mwenye duka. Tazama na mpini. Misumari yake hupita ndani ya chuma na kushika vipande viwili vya mti. Ikiwa imelegea, siku moja panga litaruka mkononi, na Mungu ndiye ajuaye litaangukia wapi. Urefu wake nao uwe wa kadiri: ukisimama wima na mkono umeteremka, ncha isikaribie kifundo cha mguu.

Noa panga jioni, kabla ya safari, kwa tupa au kwa jiwe. Wengi hudhani panga butu ni salama. Kinyume chake ni kweli. Panga kali huuma mti pale ulipopiga; panga butu huteleza, nalo likisha kuteleza huja mguuni. Tena hukuchosha, na mtu aliyechoka ndiye hujikata.

Mwisho, usilibebe tupu. Mbao mbili nyepesi zilizofungwa kwa ngozi, au kwa mpira wa gurudumu kuukuu, zatosha kuwa ala. Kazi hiyo ni ya jioni moja tu, lakini yaweza kumwokoa mtoto akufuataye nyuma njiani.

Shoka la wahunzi wetu

Shoka la kigeni lina tundu, na mpini hupita ndani ya chuma. Shoka la wahunzi wetu ni kinyume: chuma chake kina mkia mwembamba, nao huingizwa katika kichwa kinene cha mpini, katika tundu lililochomwa kwa moto. Wageni wengine walilicheka. Lakini kila unapopiga mti, mkia huo huzidi kuingia na kukaza. Na ukiugeuza ubapa upande wa pili, umepata tezo la kuchongea. Vyombo viwili kwa chuma kimoja: hiyo ni akili ya wazee wetu.

Chagua mpini wa mti mgumu ambao nyuzi zake zimenyoka, usio na fundo. Unapokata, simama ukiwa umetanua miguu, na uhakikishe hakuna mtu nyuma yako. Na kama waenda kutafuta asali, fikiri mara mbili kabla ya kuuangusha mti mzima kwa ajili ya mzinga mmoja. Apandaye kwa kamba na moshi hupata asali mwaka huu, na mwakani nyuki watakuwapo tena. Aukataye mti amekula mara moja, na watoto wake hawatakula.

Kisu kidogo hakina makuu. Kifungwe kiunoni ndani ya ala, kisining'inizwe shingoni. Cha kuchunia, cha kutoa mwiba, cha kukatia nyama: kazi yake ni hiyo, nayo yatosha.

Adui aliye chini

Sasa twafika kwenye jambo lisahauliwalo. Mtu hujipanga kwa panga, shoka na mkuki, akawaza chui na simba, kisha huingia porini bila viatu. Lakini adui akutanaye naye mara nyingi zaidi yu chini majanini. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka. Mwaka 1 tu wa namna hiyo wamaliza mji mzima. Kwa sababu hiyo, mwaka 2017 shirika hilo liliandika sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyoachwa bila kuangaliwa.

Kifutu hakimbii. Hulala kimya njiani, rangi yake kama ya majani makavu, hata umkanyage. Ndiyo maana wengi huumwa mguuni. Basi silaha ya kwanza ya msituni ni viatu vizito vifunikavyo kifundo, na ya pili ni fimbo ndefu ya kupapasa majani mbele yako, na ya tatu ni taa kwa atembeaye usiku. Vitu hivi vitatu havina sifa ya ushujaa, lakini vimewarudisha watu wengi nyumbani.

Wala usimfuate nyoka kwa panga ili umwue. Anayemkaribia hadi kumfikia kwa panga, naye nyoka amfikia. Mwache apite. Mtu akiumwa, asichanje jeraha, asinyonye damu, asikaze kamba kwenye mguu. Avue pete na vitu vinavyobana, akae bila kuuchezesha mguu, achukuliwe upesi kwenye kituo cha afya. Swila akimtemea mtu sumu machoni, aoshwe kwa maji safi mengi papo hapo. Kwa sababu hiyo kibuyu cha maji nacho ni chombo cha safari, pamoja na kamba, kiberiti kilichofungwa kisilowe, na kitambaa safi cha kufungia jeraha. Na kabla ya kuondoka, mwambie mtu wa nyumbani wapita njia gani na utarudi lini.

Bunduki ya kujilinda

Tuseme kijana mmoja ameazima gobore la jirani, akapita kwa babu yake kumuaga.

"Jambo, babu."

"Jambo, mjukuu wangu. Waenda wapi na mzigo huo?"

"Naenda kukata nguzo za nyumba, babu."

"Na bunduki hiyo ni ya kukatia nguzo?"

"Hapana, babu. Ni ya kujilinda."

"Nani akutafutaye?"

Kijana hana jibu. Asema, "Labda nyati."

Babu ajua habari za nyati. Gobore hupiga mara moja tu. Kulijaza tena ni kutia baruti, kushindilia, kutia risasi, kuweka fataki. Nyati hangoji mambo hayo. Tena baruti ikipata unyevu hailii kabisa. Na mtutu uliotengenezwa kwa bomba la chuma waweza kupasuka usoni pa mpigaji. Mnyama asiyeguswa mara nyingi hupita zake. Mnyama aliyejeruhiwa ndiye huua. Kwa hiyo bunduki ya namna hii humletea mtu hatari ambayo hakuwa nayo alipotoka nyumbani.

Iko na sheria. Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 yaongoza uwindaji katika nchi yetu, na amri-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 yaongoza habari za silaha na risasi. Silaha ya moto yataka kibali, na uwindaji wataka kibali. Mkristu hatii sheria kwa kuogopa gereza tu. Huitii kwa kuwa inalinda uhai wa wote.

Babu achukua gobore, aliegemeza ukutani, ampa kijana tupa. "Panga lako ni butu, mjukuu wangu. Anza na hilo. Bunduki ya watu nitairudisha mwenyewe."

Silaha na adabu

Je, wazee wetu hawakuchukua silaha? Walichukua. Masimulizi ya Waluba yasema kwamba Mbidi Kiluwe, mwindaji mkuu aliyetoka mashariki, alikuwa mtu wa upinde. Mafundi wakachonga vishikio vizuri vya upinde kwa kumbukumbu yake, vikawekwa nyumbani kwa wafalme kama alama ya heshima, wala havikupelekwa mawindoni. Lakini mfalme Nkongolo Mwamba naye alikuwa na silaha. Masimulizi humsifu Mbidi kwa adabu yake na kiasi chake, na kumlaumu Nkongolo kwa ulevi na ukali wake. Wote wawili walikuwa na chuma. Moyo ndio uliowatenga.

Kapiteni Léopold Joubert naye alikuwa na bunduki. Mfaransa huyo, aliyekuwa askari wa Papa, alifika Mpala kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1887, akawalinda wanakijiji na wakimbizi katika siku za biashara ya watumwa. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye, akakaa katika nchi hii hadi kufa kwake mwaka 1927. Wengine walishika bunduki ili wapate watu. Yeye aliishika ili watu wasichukuliwe.

Twayasema haya kwa kuwa jimbo letu lina kidonda. Waluba na Watwa waliishi jirani, hawa wakileta asali na nyama ya porini, wale wakitoa mihogo na mahindi. Kisha yakaja mapigano, na hasa katika miaka ya 2016 na 2017 vijiji vilichomwa, na watu mamia ya maelfu wakakimbia makwao, wengi wakilala katika vibanda vya majani karibu na Kalemie. Waliuawa kwa vyombo gani? Mara nyingi kwa mishale na mapanga. Panga lile lile lililomenya muhogo asubuhi. Mshale ule ule uliomlisha mtoto.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, katika nchi iliyopita katika mambo hayo, kilicho mkononi mwako husema kabla ya mdomo wako. Ukikutana na mtu porini, hasa wa kabila jingine, panga liwe ndani ya ala, au makali yatazame chini. Msalimu ukiwa ungali mbali. Ukitaka kupumzika naye, weka chombo chako chini kwanza. Usiende kazini na silaha nyingi kuliko kazi yenyewe, maana jirani akikuona na mkuki na upinde siku ya kukata kuni, atakwenda nyumbani kuchukua vyake, na kesho ninyi wawili mtakuwa na woga mmoja.

Mtume Petro alikuwa mvuvi. Chombo alichokijua ni wavu. Usiku ule bustanini alishika upanga, akamkata sikio Malko, mtumishi wa Kuhani Mkuu. Bwana wetu alimwamuru aurudishe upanga alani, akaliponya sikio lile. Petro alifanya hivyo kwa mapendo, lakini hata mapendo yakishika chombo kisicho chake huumiza.

Basi jioni, urudipo kutoka msituni, hesabu vyombo vyako. Futa panga, lipake mafuta kidogo, liweke juu mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Na mtoto akikuuliza, "Baba, panga ni la nini?" mwonyeshe kuni mekoni, nguzo za nyumba na muhogo chunguni. Akiyajua hayo tangu utoto, hatadanganyika siku mtu atakapomwambia kwamba panga lina kazi nyingine.