Mtoto wa mitaani ana kwao

Mtaa hauzai. Kila mtoto anayelala barazani mwa maduka katika jiji la Mbeya, mjini Iringa au Dar es Salaam alizaliwa na mama, akapewa jina, akabebwa mgongoni, na kuna mahali ambapo jina hilo bado linajulikana. Hata yule aliyezaliwa na msichana anayeishi mitaani ana bibi yake mahali fulani. Lakini sisi wakazi wa mijini, tunapomkuta alfajiri tukienda kazini, tumezoea kumtazama kama kitu kilichoota hapo hapo, mfano wa nyasi katika ufa wa saruji. Wengine humpa sarafu, wengine humfukuza, na walio wengi hupita.

Swali ambalo hatumwulizi ni moja tu: ulipandia gari wapi?

Kwa watoto wengi wa Nyanda za Juu Kusini, jibu la swali hilo ni jina la kituo fulani kando ya barabara kuu. Tuchukue Igawa kuwa mfano wetu, kwa maana safari ya mtoto wa mitaani ikitazamwa kutoka pale inapoanzia hufahamika vizuri zaidi kuliko ikitazamwa kutoka pale inapoishia.

BARABARA MLANGONI

Igawa iko wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, kando ya barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, karibu na mpaka wa eneo lililokuwa mkoa wa Iringa kabla Njombe haijawa mkoa unaojitegemea mwaka 2012. Mto Mbarali hupita hapo ukishuka kuelekea bonde la Usangu na mashamba yake ya mpunga. Upande mmoja barabara humpeleka msafiri Makambako, Mafinga, Iringa, Morogoro hadi Dar es Salaam. Upande wa pili humpeleka Chimala, Igurusi, Uyole, jijini Mbeya na hatimaye Tunduma. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 na iliyokabidhiwa kwa Tanzania na Zambia mwaka 1976, hupita katika ukanda huo huo. Serikali nayo imeandaa mradi wa kuipanua barabara kutoka Igawa hadi Tunduma, umbali wa kilomita 218.

Hapana shaka barabara hii imeleta neema. Imewapa wakulima soko la mchele, imewapa akina mama lishe wateja, na mgonjwa hufika hospitali upesi kuliko zamani. Lakini barabara haichagui abiria. Mtoto anayetumwa kuuza mayai ya kuchemsha, karanga au ndizi kwenye madirisha ya mabasi hujifunza mambo mengi kabla hajajifunza hesabu za kugawanya. Huyajua majina ya miji, huwazoea makonda na matingo, hujua ni gari gani huingia Mbeya kabla ya giza. Kwake yeye mji hauko mbali. Siku nyumbani kunapowaka moto, basi liko mlangoni.

Na nyumbani huwaka moto kwa sababu zinazojulikana. Ya kwanza ni kifo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2011/12 ulionyesha kwamba miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49, maambukizo ya virusi vya UKIMWI yalikuwa asilimia 14.8 mkoani Njombe, asilimia 9.1 mkoani Iringa na asilimia 9.0 mkoani Mbeya, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 5.1. Dawa za kufubaza virusi, zilizoanza kutolewa bure mwaka 2004, zimewabakiza hai wazazi wengi; lakini kabla yake, na hata baada yake, bibi wengi wa mikoa hiyo walijikuta wakilea wajukuu kwa nguvu zilizokwisha kupungua.

Sababu nyingine ni njaa, pombe, ndoa kuvunjika, na kipigo cha baba au mama wa kambo. Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima katika elimu ya msingi kuanzia Januari 2016, na watoto wengi wakaingia shuleni. Hata hivyo, waraka haununui sare wala daftari, na wala haupiki uji wa asubuhi. Mtoto anayechekwa darasani kwa kaptura iliyochanika hutoroka shule kwanza. Kutoroka nyumbani hufuata.

WASICHANA HAWAONEKANI

Anayehesabu watoto katika stendi usiku atadhani kwamba taabu hii ni ya wavulana. Wasichana nao wamepanda mabasi yale yale, ila wao wameshukia majumbani mwetu. Kwa miaka mingi, ukimtaja mtumishi wa nyumbani jijini Dar es Salaam, umekaribia kuutaja mkoa wa Iringa. Msichana hufuatwa kijijini na mtu anayemwita shangazi, huahidiwa mshahara na cherehani, kisha huanza kuamka kabla ya wote na kulala baada ya wote.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya umri wa miaka 14, na aliyeutimiza umri huo huruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Basi na tujiulize kwa uaminifu, ndugu msomaji, binti anayetubebea mtoto wakati tunasoma gazeti hili ana umri gani? Atakapofukuzwa kwa kuvunja sahani, au kwa kupata mimba ambayo mwenye nyumba anajua ilikotoka, ataelekea wapi bila nauli? Kuna watoto wa mitaani waliotumwa mtaani na kijiji, na kuna waliotumwa na sebule zetu.

LORI HALIKUWA DAWA

Dola kwa muda mrefu ilitafuta dawa ya mkato. Wakoloni walitunga mwaka 1944 sheria ya kuwaondoa mijini watu waliowaita wasiotakiwa. Baada ya uhuru, Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilikusudia kumpatia kila mtu kazi ya halali, na watu waliokosa kazi mijini walikusanywa na kupelekwa vijijini. Wengi walirejea. Mtu aliyekimbia jambo fulani, ukimrudisha penye jambo lile lile bila kuligusa, umemkopesha siku chache tu.

Mashirika ya hiari nayo yalipitia shule hiyo hiyo, ila yalikuwa tayari kujifunza. Mjini Nairobi, Padri Arnold Grol, Mholanzi wa shirika la Mapadri Weupe, alianzisha Undugu Society mwaka 1973 kwa ajili ya vijana waliokuwa wakiomba fedha kwenye maegesho ya magari. Alianza na vilabu vya vijana, kisha yakafuata masomo ya msingi ya muda mfupi na mafunzo ya ufundi. Jijini Dar es Salaam kituo cha Dogodogo kilianzishwa mwaka 1992 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Mwaka huo huo Rakesh Rajani na Mustafa Kudrati walianzisha Kuleana mjini Mwanza, wakasisitiza kwamba mtoto wa mitaani ana haki zake kama mtoto mwingine yeyote, na kwamba kumpa haki hizo kusihesabiwe kuwa ni sadaka.

Somo walilolipata wengi waliofanya kazi hii ni kwamba kitanda na sahani ya ugali huokoa usiku wa leo, lakini havimalizi safari. Bweni likiwa zuri kuliko nyumbani, mtoto hataki kurudi, na mwingine huvutwa kuja. Likiwa baya, hurudi mtaani. Hivyo kazi ikabidi itoke nje ya uzio wa kituo na kumfuata mtoto alikotoka.

SAA ZA KWANZA

Jambo la pili walilojifunza linahusu muda, na hapa kuna historia ya kuvutia. David Maidment alikuwa ofisa wa reli nchini Uingereza. Mwaka 1989, akiwa safarini India, aliona katika stesheni moja ya Bombay binti mdogo akijichapa mjeledi ili wapita njia wamwonee huruma na kumpa fedha. Picha ile haikumtoka. Mwaka 1995 alianzisha shirika la Railway Children, yaani Watoto wa Reli. Msingi wa kazi yake ni kumfikia mtoto mapema, kabla mtaa haujamfikia.

Shirika hilo sasa linafanya kazi Tanzania pia, likiwa na makao yake Mwanza, na kazi yake imefika Mbeya na Iringa. Hapa kwetu mtoto huletwa mjini na basi au lori zaidi kuliko treni, lakini kanuni ni ile ile. Mtoto anaposhuka stendi usiku, akiwa peke yake na hajui pa kulala, mtu wa kwanza kumsemesha ndiye atakayekuwa mwalimu wake. Akiwa mwema, mtoto aweza kuwa nyumbani baada ya siku chache. Akiwa mwizi, mnywaji wa gundi, au mtu mzima mwenye nia chafu, kila wiki inayopita huongeza uzi katika kamba inayomfunga. Baada ya mwaka mmoja, mtoto ana jina jipya, ana marafiki, ana kipato, na mtaa umekuwa ndiyo nyumba yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa namna hii hujengwa kwa gharama kubwa.

Kwa hiyo wafanyakazi wa mashirika haya huzunguka usiku stendi na masokoni. Hawaanzi kwa kuuliza maswali. Huanza kwa mazungumzo, kidonda kusafishwa, mchezo wa mpira. Mtoto akishaamini, hutaja jina lake halisi, kisha jina la kijiji. Hapo mfanyakazi hufunga safari, peke yake kwanza, kwenda kuzungumza na mzazi, mjomba au bibi, ili ajue ni nini kilichomkimbiza mtoto na kama kimekwisha. Pengine huhitajika upatanisho, pengine mtaji mdogo wa kuku au wa genge, pengine ndugu mwingine wa kumpokea. Mtoto hurudishwa baadaye, na hutembelewa tena na tena. Kijana mkubwa ambaye hawezi kurudi hufundishwa ufundi na kuweka akiba pamoja na wenzake. Kazi hii ni ya polepole, na haina sherehe ya kukata utepe.

KUJITEGEMEA

Kazi hii huhitaji fedha, na sehemu kubwa imetoka nje. Mradi wa Kizazi Kipya, uliohudumia yatima na watoto walio katika mazingira hatarishi tangu mwaka 2016, na ambao Railway Children ilishiriki, uligharimiwa na Marekani kupitia shirika la USAID. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ililivunja shirika hilo. Hatuna sababu ya kuwalaumu waliotusaidia. Tuna sababu ya kujiuliza nani atamlea mtoto wetu mgeni akishaaga. Mkono mmoja haulei mwana, lakini mikono iliyo karibu ndiyo inayopaswa kuanza.

Mikono hiyo ipo Igawa na katika vituo vyote vya njia hii. Konda anayempakia mtoto wa miaka kumi asiye na mtu mzima aweza kumwuliza anakwenda kwa nani kabla hajapokea nauli. Dereva wa lori aweza kukataa. Mama lishe, ambaye huona nyuso za watoto kuliko mtu yeyote, hutambua mapema yule aliyeanza kulala nje. Balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa kitongoji hujua ni nyumba ipi ina kelele kila usiku. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa serikali ya mtaa au kijiji chake. Dawati la Jinsia na Watoto lipo katika vituo vya polisi, ofisa ustawi wa jamii yupo wilayani, na simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo.

Nasi wa mijini tunao wajibu wetu. Sarafu itolewayo dirishani mwa gari humpa mtoto sababu ya kubaki hapo kesho, na mara nyingi yuko mkubwa anayeisubiri. Afadhali fedha hiyo iende katika kituo kinachojulikana, au katika daftari la mtoto wa ndugu yetu kijijini aliyekaribia kuacha shule. Afadhali tumlipe binti wa kazi mshahara kamili, na aliye mdogo tumrudishe kwao kwa heshima, tukiwa tumezungumza kwanza na wazazi wake. Na safari ijayo ya kwenda kusalimia nyumbani, kabla ya kugawa zawadi, tuwahesabu watoto wa ukoo. Akikosekana mmoja, tuulize aliko, na tusikubali kujibiwa kwamba yuko mjini anatafuta maisha.